Sahani Mbili za Gabaitse

Gabaitse alikuwa fundi cherehani wa nguo za harusi pale mjini Mahalapye, na katika magauni yote aliyowahi kushona, lililomsumbua kuliko yote lilikuwa la mdogo wake mwenyewe, Wame. Lilikuwa la leteisi ya buluu, kitambaa kile kigumu kisichokosekana kwenye sherehe, na harusi yenyewe ilikuwa ya binamu yao. Alilishona Agosti. Septemba akalibana kiunoni. Wiki mbili baadaye akalibana tena, kiunoni na kwapani. Siku ya kuamkia harusi Wame alilivaa, likamning'inia kama limetundikwa msumarini.

"Simama vizuri," Gabaitse alisema, pini zikiwa mdomoni.

"Si nimesimama, dada."

"Unayumba."

Mama yao alikuwa akipita. Akasimama mlangoni, akatabasamu. "Hebu mwone mwanangu! Kiuno cha nyigu. Huyu ataolewa na waziri."

Gabaitse akachomeka pini nyingine, nusura amchome. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, Wame kumi na saba, na hakuna siku hata moja aliyoambiwa kwamba naye ataolewa na waziri. Hata na karani hakuambiwa. Kwa lugha yao, jina Wame maana yake ni "wangu". Gabaitse maana yake ni "hawajui". Na ingawa desturi ya pale inataka mama aitwe kwa jina la mtoto wake wa kwanza, mtaa mzima ulikuwa umezoea kumwita mama yao Mama Wame, naye aliitika bila kumsahihisha mtu. Kila alipoitika, Gabaitse alihisi kama kamezeshwa shubiri.

Lakini futi ya fundi haina upendeleo. Gabaitse alijua kabla ya wote kwamba Wame hali chakula. Ilianza mwaka uliotangulia, baba yao alipofariki. Wakati wa matanga hakuna aliyekula sawasawa, na msiba ulipokwisha wengine wakarudi mezani, Wame hakurudi. Kwanza aliacha nyama, kisha chochote chenye mafuta, mwisho hata ugali wa mtama. Mama alikuwa akipakua chakula halafu anawahi mazoezi ya kwaya kanisani, na mlango ukishafungwa tu Wame alisukuma sahani yake upande wa pili wa meza.

"Dada, nilishiba shuleni. Nisaidie."

Gabaitse alimaliza yake, akamaliza na ya mdogo wake. Mama aliporudi alikuta sahani mbili nyeupe, akamshukuru Mungu.

Aliziona nywele zilizojaa kwenye kitana. Alimwona Wame kavaa sweta Oktoba, jua la kupasua mawe. Akanyamaza. Mwache akonde, alijiambia, si ndiye mrembo? Na kulikuwa na jambo jingine ambalo hakutaka kulitazama usoni: katika vitu vyote vya Wame, chakula kile ndicho pekee alichowahi kugawiwa yeye.

Harusini, Wame alianguka akicheza. Watu walidhani ni mbwembwe, wakapiga vigelegele, mpaka walipoona hainuki.

Hospitali ya wilaya walisema moyo wake unadunda polepole kama wa mzee wa miaka tisini, na chumvi za damu zimeshuka vibaya. Huku nje watu walikwisha kumpa ugonjwa wao. Wengine walisema ni ule wa kunong'onwa, akapimwa, hana. Shangazi yao akasema mtoto kalogwa. Ndipo akaja muuguzi wa afya ya akili, Mma Tlhabologo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kusimamisha foleni.

"Ana ugonjwa wa kula," alisema. "Unaanzia kwenye mawazo, lakini mwisho wake ni hapa." Akajigusa kifuani. "Na unaua."

"Mma, huo si wa Wazungu wa kwenye televisheni?" shangazi akauliza. "Sisi tunaumwa njaa, hatuumwi kula!"

"Mwaka huu nimewatibu wanne. Hakuna Mzungu hata mmoja."

Mama akashika kichwa. "Basi ni kosa langu."

"Mimi sitafuti mkosaji, mama. Msiba umo. Maneno ya watu yamo. Tabia ya mtoto ya kutaka kila kitu kinyooke imo, na damu ya ukoo pengine imo. Sasa tumtibu."

Walimlisha kidogo kidogo, kwa vipimo, kwani mwili uliokaa na njaa muda mrefu ukishindiliwa chakula ghafla unaweza kuzima. Wiki tano. Mama alihamia hospitali. Majirani walikuja na juisi na machungwa, kwaya ikaja kuimba kando ya kitanda, mwalimu aliyemfundisha Wame ngoma shuleni akaja akalia. Gabaitse ndiye aliyefua, akapika uji, akaubeba kwa miguu kila asubuhi, kisha akakaa mwisho wa benchi akimtazama mama anavyozichana zile nywele chache kwa kiganja, taratibu, kama anapapasa kifaranga.

Mimi nilipovunjika mkono, aliwaza, nilipelekwa na jirani.

Mchana, wateja wakiwa wamekwenda kula, alifunga chumba cha cherehani. Alikula mkate mzima na siagi ya karanga. Alikula sufuria ya mahindi na maharage, baridi vilevile, amesimama, bila kusikia ladha, mpaka tumbo likauma. Kisha akaficha mifuko chini ya vipande vya vitambaa na kukaa sakafuni akijichukia. Hivyo ndivyo alivyofanya tangu akiwa na miaka kumi na minne. Hakuna aliyeuliza. Watu walimpiga kofi begani na kumwambia, "Gabaitse, wewe una afya!"

Siku moja, akisuuza mashuka ya Wame, alijikuta anaomba augue yeye. Augue ugonjwa wenye mifupa, watu wauone.

Wame aliporuhusiwa, Mma Tlhabologo aliwapa masharti. Milo mitatu na vitafunio mara tatu. Mtu akae naye mpaka sahani iishe, na saa nzima baadaye. Hakuna kubembelezana, hakuna kupatana bei. Mama alijaribu siku mbili. Wame akilia, mama analia, sahani inarudi jikoni. Siku ya tatu kazi ikamwangukia dada mtu.

Wakakaa. Ugali, mboga za majani, na seswaa, ile nyama ya kupondwa. Nusu saa ikapita.

"Kula," Gabaitse alisema.

"Kula wewe. Si ndiyo kazi yako?"

"Wame, usinichokoze."

"Sasa leo umekuwa askari? Mbona zamani ulikuwa unapokea tu? Hujawahi kuniuliza hata mara moja, dada. Hata mara moja!"

Gabaitse akainuka, kiti kikaanguka. "Nikuulize nini? Wewe ambaye ukikohoa mtaa mzima unakuja na machungwa! Ningekonda mimi hivyo, wangenipigia makofi. Wangesema, hatimaye! Mwaka mzima nimekushonea, nimekufulia, nimekubebea uji, kuna aliyeniuliza mimi nimekula nini?"

Wame alikuwa akimtazama kama anamwona kwa mara ya kwanza.

"Mimi najua umekula nini," alisema polepole. "Niliiona mifuko chini ya vitambaa. Muda mrefu tu."

Gabaitse akaona aibu inampanda kutoka miguuni. Akainua kiti, akaketi. Mwishowe Wame alichukua tonge moja, kisha la pili, machozi yakidondokea mbogani. Ilichukua saa moja na robo.

Alhamisi walipokwenda kliniki, muuguzi alimuuliza Wame kilichokuwa kigumu wiki hiyo. Mtoto akajibu bila kupepesa, "Dada yangu naye anaumwa. Anakula kwa kujificha mpaka anaumia. Mwandikeni na yeye."

"Wame!" Gabaitse aliruka. "Hata ugonjwa wangu unautangaza wewe? Hata huo?"

Mama alicheka kidogo. "Ah, Gabaitse haumwi. Huyu anapenda chakula tu, tangu utotoni. Nilikuwa nikimwambia Wame, usimalize chungu kama dada yako..."

Akaishia hapo. Wame alikuwa ameinamisha kichwa. Mwalimu wa ngoma naye, ilikuja kujulikana, alimwambia maneno hayohayo mbele ya wenzake wiki chache baada ya mazishi. Usije ukawa kama dada yako.

Mma Tlhabologo aliwatoa nje mama na mdogo mtu. Akavuta kiti.

"Unakula nini asubuhi, Gabaitse?"

"Sili. Nikila asubuhi nitanenepa zaidi."

"Na mchana?"

Hapo ndipo alipolia. Alikuwa amejiandaa kuambiwa apungue, kama kila mtu alivyomwambia maisha yake yote. Akaambiwa ale kifungua kinywa. Kushinda njaa kwa aibu, muuguzi alisema, ndiko kunakoileta ile sufuria ya mchana. Na huzuni isiyosemwa ndiyo inayoikoroga. Akapewa daftari aandike, kabla ya kula, anachokihisi. Wiki ya kwanza karibu kila mstari aliandika neno moja: wivu.

Miaka mitatu imepita. Wame hakupona moja kwa moja. Wakati wa mitihani alirudi nyuma, akalazwa tena majuma mawili. Sasa yuko chuoni Palapye, hedhi yake imerudi, anakula na wenzake, ingawa daktari anasema mifupa ya nyonga imekwisha kuzeeka na haitarudi yote. Nyama bado inamshinda, na akiona kioo kikubwa hupita haraka. Gabaitse bado ni mnene. Sufuria ya kujificha, iliyokuwa ya kila siku, imebaki mara moja au mbili kwa mwezi, na akishindwa haifuati njaa ya kujiadhibu. Mama amejifunza kufunga mdomo mezani, japo simu humpigia Wame kwanza, na Gabaitse huhesabu dakika.

Alhamisi iliyopita alikuwa kwenye kikao cha kliniki, mapema kama kawaida yake, sweta la kufuma mapajani. Akaingia mwanamke mgeni, amemshika mkono binti yake mwembamba. Akamtazama Gabaitse juu mpaka chini.

"Dada, na wewe umemleta nani?"

"Sijamleta mtu," Gabaitse alisema. "Nimejileta."

Mwanamke akaketi kando yake. Mma Tlhabologo alipofungua mlango alimwita kwanza yule binti, akakaa naye muda mrefu, mrefu kupita kawaida. Gabaitse alitazama saa ya ukutani, moyo ukamwuma kidogo. Akatoa daftari, akaandika lile neno lake moja.