Mkeka wa Ziwa Niliouosha

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi nilitumbukiza kipande cha kwanza cha mkeka wa ziwa kwenye beseni, nikaanza kukiosha.

Mkeka wa ziwa ni jina tu. Ulikuwa uoto wa kijani uliotambaa juu ya mchanga wa ufuko wa Karema, mnene kama blanketi, usio na jani wala ua. Ndani yake waliishi sisimizi wekundu. Wanawake walianika dagaa kandokando yake, na sisimizi waliyabeba mayai ya nzi kutoka kwenye dagaa wakayaingiza humo. Uoto uliishi kwa mayai hayo. Hilo nililijua baadaye. Wakati ule nilidhani harufu yake ndiyo iliyofukuza nzi.

Nilikuwa nimetoka Mpanda na fedha zote za mabati. Nyumba yetu ya Ilembo ilikuwa kuta za matofali mabichi bila paa, na mwezi wa kumi ulikuwa umeingia. Niliona nikianika dagaa na kuwauza mjini nitaezeka vyumba vitatu badala ya kimoja. Mama mkwe alitugawia sehemu ya kuanikia, lakini ilikuwa mchanga mtupu. Akaruhusu nikate vipande vinne vya mkeka wake. Ruhusa aliileta mke wangu, maana kwao mama mkwe hasemi na mume wa binti yake.

Sisimizi waliniuma vidole, ndiyo maana niliosha hadi wakaisha. Nilibadilisha maji mara nne na kuandika hivyo kwenye daftari.

Mke wangu alikuwa kwenye mitumbwi, ananunua dagaa. Mama mkwe alikaa kando, amenipa mgongo, anasugua sufuria. Akaiambia kwa sauti, "We sufuria, mtu akifukuza mkulima akabaki na shamba, atakula nini?"

Niliona ni maneno ya uzee. Nikaendelea kuosha, kisha nikavitandaza vipande kandokando ya dagaa wetu.

Siku ya pili vipande vyote vilikuwa vya kahawia. Wingu lilitanda, dagaa hawakukauka. Siku ya tatu walikuwa wamejaa funza. Mke wangu alileta ujumbe wa mama yake: tuchimbe shimo mbali na maji. Tulichimba, tukafukia, tukanawa mikono.

Mvua ilipoanza, ukuta wa mashariki wa nyumba yetu ya Ilembo ulilala. Nikapima kuta zilizobaki, nikaandika vipimo, na chini yake hasara: shilingi elfu themanini na saba na mia tano.