Kirusi cha Kike

Nabawiya hajui kusoma, na mumewe hakumwacha asahau. Hagagi yeye alikuwa mtu wa lugha. Alizidaka kwa sikio akiuza shali na vinyago vya mawe kwa wageni wa Luxor. Kirusi alikwenda kukiokotea Hurghada, kwenye hoteli za ufukweni, kwa mwanamke wa Kirusi aliyemwoa huko huko. Nabawiya aliachiwa tanuri la mkate na mtoto mchanga.

Mtoto huyo, Rodaina, alipomaliza shule na kusema anataka kusomea Kirusi, ndipo baba alipokumbuka kuwa ana binti. Alikuja na viatu vinavyong'aa, akala mkate wa Nabawiya bila kusema asante, kisha akatoa amri. Aende taasisi mpya ya Hurghada, yenye vioo, viyoyozi na sare, anakofundisha rafiki yake Shazli. Huko hakuna sarufi, ni kuzungumza tu. Chuo cha serikali ni madawati mabovu na vibibi wanaofundisha lugha za wafu.

Kuhusu madawati hakukosea. Rodaina alikuwa amekwisha kwenda kukitazama. Njiwa walikuwa wametaga ndani ya ukumbi, na bibi mmoja mwalimu aliwachosha wanafunzi saa nzima kwa kitenzi kimoja. Moyo wa msichana ulishahamia kwenye kiyoyozi. Nabawiya alipomwambia afikiri vizuri asije akauziwa maneno kama alivyouziwa mama yake, alijibiwa, "Mama, wewe hata kibao cha basi husomi."  Nabawiya aliijua sauti ile imetoka kwa nani.

Siku ya taasisi kupokea wazazi, walikwenda wote watatu. Shazli alisimama mbele na suti yake akamwaga Kirusi kama maji ya bomba lililopasuka. Wazazi wakapiga makofi. Rodaina akaziba mdomo kwa ncha ya mtandio, mabega yakimtikisika.

"Una nini wewe?" Nabawiya alimnong'oneza.

"Mama, kwa Kirusi mwanamume akisema 'nilifika', neno lina mwisho wake, na mwanamke ana wake. Ndicho kitenzi cha yule bibi. Huyu anasema kama bibi harusi."

Hagagi naye hakukubali kupitwa. Akainuka kumpongeza rafiki yake kwa Kirusi, kifua mbele, sauti nzito. Rodaina alimsikiliza mpaka mwisho.

"Baba, hicho Kirusi ulifundishwa na nani?"

"Na wenyewe. Mke wangu, na marafiki zake."

"Inasikika," alisema Rodaina, na akamweleza, mbele ya Shazli, bila kupunguza neno.

Njiani kurudi, Hagagi alishikilia kuwa hayo ni mambo madogo, wageni wote humwelewa, na siku zote hucheka naye kwa furaha.  Rodaina yeye alikuwa akimuuliza mama yake kama basi la alfajiri litamfikisha chuo cha njiwa kabla ya kipindi cha kwanza.

Nabawiya alikuwa akimfikiria mke mwenzake. Miaka yote hiyo amelala na mwanamume anayejisema mwanamke, na hajamsahihisha hata siku moja. Nabawiya alikuwa akimlaani kila alipowasha tanuri. Jioni ile aliliwasha kimya.