Nyumba ya Kimo cha Nukta

Mtu akiingia kliniki yetu ya meno kwa mara ya kwanza, husikia sauti kabla hajamwona mwenye sauti. "Karibu. Linauma la juu au la chini?" Mgonjwa huangalia huku na huku, kiganja shavuni, mpaka aegemee kaunta na kuchungulia upande wa pili. Hapo ndipo anapomwona mpokea wageni wetu, kalamu mkononi, amekaa kwenye kiti chake wala hana wasiwasi. Wapo wanaoomba radhi. Wapo wanaocheka, halafu jino linawakumbusha kilichowaleta.

Tunamwita Nukta. Jina hilo alipewa na marehemu baba yake, aliyekuwa mpiga chapa, pale mtoto alipoacha kurefuka mapema huku wenzake wakipaa. Mzee alikuwa akisema maneno yasiyo na nukta ni kelele tu. Sasa Nukta ni mtu mzima, mvi zimeanza kumchungulia kwenye paji la uso, na kichwa chake kinalingana na kitasa cha mlango. Mimi ni nesi pale pale kliniki, na kwa kuwa tunakula chakula cha mchana pamoja, mambo yake mengi nayajua.

Alikuwa akiishi kwa kaka yake, mwalimu wa udereva, pamoja na wifi yake na watoto wao wadogo. Walikuwa watu wema, na hapo ndipo palipokuwa na ugumu, maana hakuwa na wa kumlaumu. Vikombe vilikaa kabati la juu. Kioo cha bafuni kilimwonyesha dari. Taulo zilining'inia mahali ambapo yeye angeshika pindo tu. Siku yake nzima ilizunguka neno moja: niteremshie. Wifi aliacha hata mboga ziungue jikoni ili amteremshie.

Kisha kaka na familia yake wakasafiri kwenda harusini, akabaki peke yake. Akatamani chai. Akaburuta kiti, akapanda, akakipata kikombe, na kiti kikamponyoka. Kikombe kikavunjika, kiwiko kikavimba kama kitumbua. Lakini aliponisimulia, hakulalamikia kiwiko.

"Unajua kaka alivyorudi aliniambia nini? Ungesubiri tu. Ningesubiri! Mpaka harusi iishe ndiyo ninywe chai?"

Wiki ile ile akapanga vyumba viwili vyenye jiko na bafu, karibu na kazini. Kaka yake alikuja kliniki mwenyewe, akasimama mbele ya kaunta kama mgonjwa.

"Mdogo wangu, huko nani atakuteremshia vitu?"

"Hakutakuwa na kitu cha kuteremshwa."

"Utaishije?"

"Chini. Ninakoishi siku zote."

Samani mpya hazikumfaa. Madukani alikuta viti vya watu warefu, au vya watoto vyenye picha za bata. Bata hakuwataka. "Mimi nalipa kodi," alisema, "silali na bata." Kwa hiyo tukaenda kwenye mtaa wa vitu vilivyotumika, nyuma ya viwanda vya zamani, ambako maghala yamejaa vitanda, makochi, majiko na vyombo vya watu waliohama, waliofilisika au waliochoka navyo. Kitu kilichokwisha tumika hakiogopwi, unaweza kukikata, kukigeuza, kukipindua. Alifunga fundo kwenye utepe ili kuonyesha usawa wa kiwiko chake, akautia mfukoni, tukaingia.

Muuzaji wa kwanza alimruka kwa macho akaniangalia mimi. "Karibu, mama. Unamtafutia mtoto?"

"Mnunuzi ni mimi," Nukta akasema kutoka chini. "Huyu amenisindikiza."

Yule bwana akainama, akaweka mikono magotini kama anayeongea na mtoto wa chekechea. "Oo, samahani, mrembo!"

"Simama wima, utaumia kiuno. Naomba kuona meza."

Tukapata meza nzuri ya mbao nyekundu, uso wake laini, haina doa. Nukta akaupima mguu kwa utepe wake, muuzaji akaita fundi, msumeno ukaimba, miguu minne ikapunguzwa. Tukaondoka tukijiona tumeweza. Jioni akanipigia simu.

"Meza imenifika kifuani."

"Haiwezekani! Umeipima mwenyewe."

Halafu akasema polepole, "Nilipofunga lile fundo nilikuwa nimevaa viatu vya kazini. Vile vya soli nene. Nyumbani niko pekupeku."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka siku ile. Jumamosi iliyofuata aliibeba meza kwa mkokoteni mpaka dukani kwa yule bwana, akavua viatu vyake hadharani, akasimama kwenye sakafu ya saruji na soksi zake. "Kata tena," akamwambia fundi. Muuzaji akasema kazi yake ilikwisha. Nukta akasema hana neno, atangoja, na akakaa juu ya kochi lililokuwa mlangoni kabisa, miguu ikining'inia. Kila mteja aliyeingia akamuuliza kama duka ni zuri. "Nangoja kuona," akajibu. Mteja wa tatu alikuwa hajaondoka bado fundi alipochukua msumeno.

Tangu hapo alikuwa akitembea na utepe mpya, na Jumamosi zetu zikawa ni hizo. Alipata kitanda cha chuma, akang'oa miguu yake yote. Alipata kochi la watu wawili lililovunjika miguu, muuzaji akaona aibu kumwonyesha, yeye akalishangilia. Jiko la gesi alilipandisha juu ya meza ya televisheni, fupi, ya chuma, na sasa anakoroga mchuzi akiwa anaona ndani ya sufuria. Hili la mwisho alinisimulia mara nyingi. Alikuwa amepika maisha yake yote kwa kunusa.

Kabati ndilo lililotutoa jasho. Makabati yote ya mtaa ule yalikuwa marefu. Katika ghala la mama mmoja mnene, aliyekuwa akikaa katikati ya makabati yake akisuka ukili, Nukta alisimama mbele ya kabati moja la vitabu lenye milango ya vioo. Aliliangalia kwa muda mrefu, kichwa amekiinamisha upande. Nikadhani shingo inamuuma.

"Lilaze," akawaambia wapagazi.

"Kabati halilali, dada," mmoja akasema.

"Lilaze ubavu."

Wakamwangalia yule mama. Mama akaacha kusuka. "Mteja kasema lilale, nanyi mnalibembeleza? Lilazeni!"

Wakalilaza. Shelfu zikawa vyumba vidogo vidogo vilivyopangana, milango ikawa inafunguka kwenda juu. Nukta akaufungua mmoja, akaushikiza kwa kichwa, akatia mkono mpaka ndani kabisa, akagusa mbao za nyuma. Akatoa mkono, akautia tena. Yule mama akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwache kidogo," kisha akawakemea wapagazi watafute vishikizo vya kuzuia milango isimwangukie.

Sinki lilimshinda. Lilikuwa la mwenye nyumba, limejengewa ukutani, na mwenye nyumba hakutaka kusikia habari za kubomoa. Nukta alikuwa ameapa kwamba hatapanda tena juu ya kitu. Siku kadhaa aliosha vyombo kwenye beseni, amechutama, mpaka nikamwona kliniki anatembea kama bibi. Mwishowe tukalikuta jukwaa la mbao, pana, zito, la wanakwaya fulani waliokuwa wamenunua jipya. Lilienea ukuta mzima wa sinki na nafasi ya kugeuka ikabaki. Akalizunguka, akalikanyaga, akarukaruka juu yake. Halikutikisika.

"Si ulisema hupandi?" nikamchokoza.

"Hapa sipandi. Hapa natembea, sakafu ndiyo imepanda."

Alipomaliza, akawaalika kaka na wifi. Nami nilikuwepo. Kaka aliingia, akakaa kwenye kochi, na magoti yakamfika karibu na kidevu. Akajaribu kuyanyoosha, akapiga teke meza. Akaenda bafuni, akarudi anasema kioo kimemwonyesha vifungo vya shati. Wifi alikuwa jikoni, amejikunja mara mbili akitafuta sahani, huku Nukta akipita chini ya mkono wake, akichukua hiki na kile bila hata kutazama, haraka, kama mtu anayecheza ngoma anayoijua. Sikuwahi kumwona akienda kwa kasi ile.

"Jamani, mgongo," kaka akalalama tulipokuwa tukinywa chai. "Hii nyumba yako itanivunja."

"Umekaa saa moja tu, kaka."

Kaka akakizungusha kikombe chake mezani. Wifi ndiye aliyesema, "Na kwetu umekaa miaka." Kisha kaka akaomba aongezewe chai, na alipopewa akashuka kwenye kochi, akaketi sakafuni, akanyoosha miguu yake mirefu mpaka mlangoni. "Hapa sasa nimefika," akasema. Tukacheka wote. Aliondoka akiwa na furaha, amesaidia hata kuondoa vyombo mezani.

Jumatatu Nukta alinisubiri mlangoni mwa kliniki, macho yanacheka.

"Unajua kaka kanifanyia nini? Kopo la sukari kaliweka juu ya boksi la mita ya umeme. Mazoea! Kwake sukari inafichwa juu, watoto wasiilambe."

"Ukafanyaje? Ulimpigia simu?"

"Nimpigie nani? Nilichukua mti wa ufagio, nikatandaza upande mmoja wa kanga, nikalisukuma. Nusu ikaingia kwenye kanga, nusu kichwani."

"Na chai?"

"Nilikunywa," akasema, akakaa kwenye kiti chake na kufungua daftari la wagonjwa. Mlango ukalia, akaingia mzee mmoja ameshika taya. "Karibu, baba. La juu au la chini?"