Chupa ya Titan na Taa ya Shangazi

Watu wa Goma wakisikia mutoto anasoma kemia, wanauliza atatengeneza sabuni gani. Mimi nilisoma gesi za mwezi wa mbali unaoitwa Titan, ule unaozunguka sayari ya Zohali. Shangazi, aliyenilea na kunisomesha tangu volkano ilipokula nyumba ya papa, baba yangu, alikwishachoka kuwaeleza majirani. Akiulizwa, alijibu tu: "Anasoma mambo ya hewa." Na hewa, kwa mutu wa Birere, mtaa wetu wa sokoni, si kazi.

Jambo lenyewe si gumu. Kule Titan kuna gesi ya asetileni, ileile ambayo mafundi wetu wa kulehemu wanaipata kwa kumwagia maji mawe ya karbire. Jua nalo lina mwanga mkali tusiouona, iltravioleti. Mwanga huo ukiipiga ile gesi, unavunja chembe zake. Vipande vinashikana upya, vinarefuka, vinakuwa vizito, mpaka mwezi mzima unajifunika ukungu wa rangi ya chai. Niliyapenda mambo hayo kupita kiasi. Profesa aliyeniongoza aliyapenda pia, ila akaniambia wazi kwamba bila jaribio la mikono juri, wale walimu wa kupima kazi yangu ya mwisho, haitanipitisha. Maabara ya chuo ilikuwa kabati moja, na ufunguo wake ulipotea wakati wa uasi uliotangulia.

Shangazi alikuwa akibadilisha pesa Birere. Juu ya meza yake kulikuwa na taa ndogo ya zambarau ya kupimia dola: noti ya kweli inang'aa mstari mmoja tu, ya uongo inang'aa yote, inajisema yenyewe. Taa hiyo ni iltravioleti. Nilimwomba aniazime. Akaniuliza kama nataka tulale njaa, tukaishia hapo.

Kisha waasi wakaanza kushuka kuelekea Goma. Bunagana, mji wa mpakani, ilikuwa imeshaanguka, mizigo ya Uganda haikuja tena, na wenye dola walizificha wakakaa nyumbani. Shangazi akakunja meza. Akaja kuiweka ile taa mbele ya sahani yangu, amekasirikia kila mutu mwenye bunduki.

"Kamata," akasema. "Angalau mumoja wetu afanye kazi."

Niliteka asetileni kwenye chupa ya mayonezi, nikaziba kifuniko kwa nta, nikaisimamisha chini ya taa. Nyumba nzima ilinuka kitunguu saumu, maana karbire ya mafundi si safi. Shangazi alikula akiwa ameziba pua, akanitania kwamba huko Titan lazima wanapika vizuri. Nikangoja rangi ya chai. Wiki ikaisha, mabomu yakisikika upande wa kaskazini, chupa ikabaki safi kama maji ya mvua.

Ndipo nilipokaa chini kufanya hesabu. Taa ya dola ni pole mno. Asetileni inataka mwanga wenye nguvu zaidi sana, tena ule ambao hata kioo cha chupa hakiupitishi. Ningekaa pale mpaka mvi zinitoke. Nililia kwa sauti kama mutoto mudogo. Shangazi alisimama mlangoni akiitazama chupa, si mimi, na shangazi akitazama kitu hivyo, ujue kuna jambo.

Siku ya kutetea kazi yangu, ni yeye aliyebeba chupa, ameifunga ndani ya kitenge. Akaketi mstari wa mbele. Nilipofungua kitenge mbele ya juri, chupa ilikuwa nyeusi tii.

Ukungu wa Titan ni wa chai. Huu ulikuwa wa chungu cha maharagwe. Nikamtazama shangazi: alikuwa na nyusi moja. Ya pili ameichora kwa penseli. Nikaelewa yote. Alifungua kifuniko karibu na mshumaa, na asetileni ikishika moto inatoa masizi ya kupaka ukuta. Huyu mama anayekataa dola kwa sababu kona yake imekunjika, alikuwa amenipikia mwezi wa uongo!

Muzee aliyeongoza juri akainama kuitazama chupa. "Kwa hiyo, imefaulu?"

Ulimi wangu ulikuwa tayari kusema ndiyo. Nilitaka sana kupita siku ile, maana na vita iliyokuwa mlangoni hakuna aliyetuahidi mwaka mwingine.

"Hapana, muzee. Haikufaulu. Haya ni masizi."

Nikamweleza habari ya taa, ya nguvu ya mwanga, ya kioo. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza masizi yametoka wapi. Nikaanza kukikunja kile kitenge.

Shangazi akasimama. "Ni mimi, muzee."

Watu wakamtazama, wakaiona ile nyusi ya penseli, ukumbi mzima ukacheka. Yeye hakucheka.

"Huyu mutoto ameangalia chupa wiki nzima, kitu hakikuja," akasema. "Mukifunga hii shule kesho, nani anajua itafunguliwa lini, na serikali gani? Mimi ninazeeka. Nilitaka nimuone amemaliza. Basi."

Kicheko kikakatika. Juri wakatoka, wakakaa huko muda mrefu. Waliporudi, muzee alibaki amesimama.

"Amepita," akasema. "Kwa chupa ile safi aliyoiona yeye, si kwa hii tunayoiona sisi."

Shangazi alinikumbatia nikakosa pumzi. Alikuwa akilia, penseli inamtiririka shavuni. Halafu akaleta mdomo kwenye sikio langu.

"Hawajui kitu," akanong'ona. "Chupa yangu ndiyo ilikuwa nzuri."