Shangazi Afuta Mashindano ya Kupayuka

Shangazi yangu hana simile. Hata wanawe wakibishana nyumbani, huwaambia, "Nionyesheni mmefikaje hapo." Mtaani wakambandika jina Mama Thibitisha. Basi huyo ndiye aliyeletwa kutufundisha hesabu, mwaka ule mwalimu mkuu alipotangaza kwamba wasichana tukianguka tena mtihani, tutatolewa darasa la hesabu tupelekwe ushonaji. Mimi nilitaka uhandisi. Cherehani sina ugomvi nayo, lakini jamani!

Darasani kwetu swali likisomwa, wa kwanza kuinuka na kupayuka ndiye bingwa. Wavulana waliinuka hata swali halijaisha. Sisi tulilelewa kwa "msichana hapayuki ovyo," kwa hiyo tulihakikisha kwanza, na tukimaliza, wenzetu wako swali jingine. Wakasema hatuna vichwa vya hesabu. Hatuna vichwa! Mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka.

Shangazi alitutazama siku moja, akaguna. Kesho yake akaja na vipande vya mbao vilivyopakwa rangi nyeusi, kila mtu na chake, na chaki.

"Hakuna kupayuka. Andikeni. Nikipiga makofi, wote mnyanyue."

Mwalimu mkuu akaja kukaa nyuma, mikono kifuani. Swali: bomba moja linajaza tangi kwa saa tatu, jingine kwa saa sita. Yakifunguliwa pamoja, je?

Radi, bingwa wetu wa kupayuka, aliweka chaki chini kabla ya wote. Makofi yakalia. Kaandika saa nne na nusu.

"Mwanangu," shangazi akamwambia, "bomba moja peke yake linatumia saa tatu. Limepata msaidizi, ndio likachelewa?"

Tulivunjika mbavu, Radi mwenyewe akiongoza. Lakini vibao vyenye saa mbili vilikuwa tele, vya wasichana na vya wavulana wapole ambao sauti zao hatukuzijua. Changu kilikuwemo. Nikakiinua juu zaidi.

Mtihani ukaja, tukaufanya. Siku ya wazazi mwalimu mkuu akasoma matokeo: wasichana na wavulana, wastani sawasawa. Hakuna wa kutolewa.

"Mwalimu," akauliza, "hawa wasichana umewafanya nini?"

"Hao sijawafanya kitu," shangazi akajibu. "Nimewanyamazisha wapayukaji tu."

Kabla ya mtu yeyote kupiga makofi, niliinuka nikapiga kigelegele, ukumbi mzima ukageuka. Hicho sikukihakikisha kwanza.