Stika Kwenye Mashine ya Mama

Mashine ya oksijeni ya mama ilikaa pembeni ya kitanda chake kwa miaka. Kaka yangu aliinunua na kuituma kutoka Mwanza, wakati mapafu ya mama yalipochoka na moshi wa kuni wa maisha mazima. Ilikuwa inavuta hewa kwa mngurumo, inatulia kidogo, kisha inashusha pumzi ndefu. Tuliizoea mpaka tukaacha kuisikia. Siku ilipozimika ilikuwa mchana, jua kali juu ya migomba, na nyumba ikaingiwa na kimya ambacho sijawahi kukisikia pale kwetu Ihanda. Hata kuku walinyamaza, au labda ni mimi niliyeacha kuwasikia. Mama alinitazama huku akipapasa kifua chake kama anayetafuta kitu mfukoni.

Hospitali ikatuazima mtungi wa oksijeni, lakini wakatuambia tuurudishe mapema kwa sababu kuna wengine wanaousubiri. Bila mtungi na bila mashine, mama asingemaliza juma. Bima yake ilikuwa inakubali kutengeneza kifaa ambacho ni mali ya mgonjwa mwenyewe, ila ilitaka karatasi. Risiti ya kuonyesha kwamba mashine ni yake. Barua ya daktari kwamba bado anaihitaji. Maelezo ya fundi, aliyekuwa ameshaichukua, kuhusu kilichoharibika, pamoja na namba ya mashine, ile iliyo mgongoni ambako hakuna aliyewahi kutazama. Nilizunguka na bodaboda mpaka kiuno kikafa ganzi. Hasira zangu ziko karibu, na sidhani kama kuna dirisha la huduma nililoliacha bila ugomvi wiki ile. Karatasi nikazipata zote. Likabaki jambo moja tu: ofisi ipige simu nyumbani kuthibitisha kwamba mgonjwa yupo na mashine ni ya kutumika.

Simu ilipigwa nikiwa sokoni, nimeiacha nyumbani makusudi. Akaipokea shangazi, aliyekuja kutoka Songambele kunisaidia kuuguza. Shangazi ni mtu wa Kinyambo, lugha ya kwetu. Kiswahili anakivaa kama gauni la kanisani, kwa uangalifu na kwa siku maalumu. Mazungumzo yote alinisimulia baadaye, tena kwa fahari.

"Mgonjwa anaendeleaje?" aliuliza kijana wa bima.

"Amepumzika, waitu," akajibu shangazi, kwa neno la heshima la kwao.

"Amepumzika? Lini?"

"Asubuhi hii, baada ya uji."

"Poleni sana, mama."

"Asante, tumeshapoa. Amepumzika vizuri, hata kukohoa hakohoi tena."

Kijana akauliza kama mashine bado inatumika. Shangazi akamjibu ukweli, kwamba imeshaondolewa chumbani.

Shangazi alimaanisha kwamba wifi yake amejinyoosha kitandani. Kijana wa mjini alisikia kile ambacho watu wa mjini husikia wakiambiwa mgonjwa amepumzika. Jioni ujumbe ukaingia: poleni kwa msiba, dai limefungwa kwa kuwa mwenye kifaa amefariki, warithi wafike na cheti cha kifo. Niliusoma nimesimama mlangoni, mama akiwa nyuma yangu anakunywa chai. Nilijua ni makosa, lakini niligeuka kumtazama kwanza, ndipo nikakasirika.

Nilipowapigia, ofisi ilitaka barua ya mtendaji wa kijiji kwamba mama yuko hai. Asubuhi yake nikaenda. Mtendaji alishika kalamu, akaiweka chini, akaishika tena.

"Za waliofariki nimeandika nyingi," akasema. "Ya aliye hai naianzaje?"

"Anza na jina lake," nikamwambia.

Mwishowe aliandika kwamba anathibitisha mama yupo hadi leo. Hayo maneno mawili ya mwisho sikuyapenda, lakini alikuwa ameshagonga muhuri.

Waliokuwa kwenye benchi pale nje walisikia nusu ya habari, na nusu hiyo ikafika nyumbani kabla yangu. Nilikuta wanawake wa jirani wamekuja, khanga zimefungwa kiunoni, wengine na kuni, wengine na ndizi. Mama alikuwa ameketi juani karibu na kahawa iliyoanikwa, mpira wa mtungi puani. Hakuna aliyeondoka baada ya kumwona. Walimpa shikamoo mmoja mmoja wakitazama miguu yake, kisha wakakaa chini. Mmoja alimshika mkono, na alipouachia akafuta kiganja kwenye khanga. Niliona, na mama aliona.

Walipoondoka aliniuliza, "Wamesema nimekufa saa ngapi?"

"Asubuhi, baada ya uji."

"Uji ule sikuumaliza," akasema.

Barua ilifanya kazi yake. Dai likafunguliwa, mashine ikatengenezwa, mtungi ukarudi hospitali. Usiku wa kwanza nililala kama mtoto. Ila kulipokucha niliona kwamba fundi ameletewa stika kutoka ofisini na ameibandika ubavuni mwa mashine, nayo ilichapwa kutoka kwenye kumbukumbu zile za kifo: MALI YA MAREHEMU, halafu jina la mama lote. Nilitia ukucha kwenye pembe ili niibandue.

"Iache," mama akasema.

Lazima nieleze jina lake, ingawa silitaji. Kwao Kibingo watoto waliomtangulia walikuwa hawakai, wanazikwa wangali wachanga. Yeye alipozaliwa wakampa jina la kitu cha kutupwa jalalani, ili kifo kikija kutafuta mtoto kisikie jina na kupita. Wengi wa rika lake wana majina ya namna hiyo na hucheka nayo kwenye sherehe. Mama hakuwahi kucheka nalo.

"Lile la wazazi limechakaa," akasema, akiipapasa ile stika. "Hili ni jipya. Kikija kitasoma hapo, kijue kilishapita."

Nilimwambia hayo ni maneno ya kizamani. Lakini nakiri kwamba nilipofagia chumba nilianza kulipitisha fagio pembeni ya mashine taratibu, nisiiguse. Na mama alinenepa kidogo. Alitembea mpaka kwenye migomba na kurudi. Alikuwa akilivuta blanketi wakati wa kulala, lakini upande wa stika hakuufunika hata siku moja.

Kisha ofisi ikarekebisha kumbukumbu zake. Walituma stika mpya na masharti: matengenezo mengine hayatagharimiwa mpaka wapate picha ya mashine ikiwa na stika sahihi, mgonjwa akiwa kando yake, uso ukionekana. Fundi akaja na simu yake. Alibandua ile ya zamani kwa maji ya moto, akabandika MALI YA MGONJWA. Mama alikaa wima, akafunga kilemba vizuri, akatazama kamera bila kupepesa.

"Sasa nimeandikwa tena," mama akasema, fundi alipomaliza. Jioni alitaka blanketi lifunike mashine nzima. Nilikataa, maana ingepata joto. Nililia jikoni peke yangu na sikuweza kusema ninalia nini.

Siku chache baadaye simu ililia asubuhi. Shangazi, ambaye tangu siku ile alikuwa ameapa kutozungumza na simu, alinipa kwa mkono ulionyooka. Alikuwa kijana yule yule wa bima, anathibitisha picha.

"Mgonjwa anaendeleaje?"

Nikamwambia asubiri. Mama alikuwa kwenye kiti karibu na mashine, kidevu kifuani, mpira puani. Mashine ilivuta, ikatulia, ikashusha pumzi. Nilisikiliza na sikuweza kujua pumzi ninayoisikia ni ya nani. Ikabidi niiname, niizime.

Kile kimya cha siku ya kwanza kikarudi chote. Sakafuni, karibu na mguu wake, kikombe cha uji kilikuwa kitupu.

"Amepumzika," nikasema kwenye simu.

"Amelala, au?" Alikuwa amejifunza kuuliza.

"Andika kama ulivyoandika mara ya kwanza."