Ukurasa wa Mama wa Kasindi

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko wangu na kwa herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba, na Kiswahili changu nilikipata sokoni Bwera. Ninaandika polepole, na mbele ya watu maneno hunikwama, kwa hiyo nimeona afadhali niandike. Ni habari za juma moja nililohangaika na programu ya simu niliyomtengenezea shangazi yangu.

Shangazi anauza samaki wa chumvi. Huwachukua kwa wavuvi wa Hamukungu, huwaleta Bwera, mpakani na Kongo, siku za soko, na wateja wake wakubwa ni akina mama kutoka Kongo. Oda zao huja kwa ujumbe kwenye simu: vikapu vingapi, samaki wakubwa au wadogo. Mimi nilikuwa nafanya kazi kwa fundi wa simu Kasese, upande wa Bulembia. Mchana kazi zikipungua, nilijifunza kutengeneza programu kwenye kompyuta yake kuukuu, kamusi ya Kiingereza mapajani. Ya shangazi ilinichukua karibu mwaka. Kila mteja alikuwa na ukurasa wake, jina juu kwa herufi kubwa, oda chini yake.

Kisha shangazi akanunua simu mpya, ya zile zilizokuwa zimeanza kugawa kioo kuwa madirisha mawili. Dirisha la juu aliweka ujumbe wa mteja, la chini programu yangu, akawa anasoma huku anaandika. Mimi sikuwahi kuijaribu hivyo, maana simu yangu ilikuwa ya zamani.

Ijumaa moja niliomba ruhusa nimsaidie sokoni. Akaja mama mmoja anayetoka Kasindi, ng'ambo ya mpaka, mteja wake wa tangu zamani, ambaye ndiye aliyemletea wateja wengine wengi. Tukamtolea vikapu viwili.

"Hii ni ya nani?" akauliza.

"Ni yako, mama. Si jina lako hili?" Shangazi akamwonyesha simu.

"Jina ni yangu. Samaki haiko yangu. Niliomba vikapu sita ya samaki kubwa. Hii mitoto ya samaki nitapelekea nani?"

Mchukuzi aliyekuwa ameegemea mkokoteni wake akasema, "Labda simu ya huyu kijana imekuzalia dada, mama. Nenda ukamsalimie."

Watu wakacheka. Mimi niliangalia kandambili zangu.

"Ijumaa ijayo nisipokuta muzigo yangu," akasema yule mama, "nitaenda kwa mama wa pale kando. Wauza samaki beko wengi."

Kwetu Wakonzo, na ng'ambo kwa Wanande vilevile, mtoto hupewa jina kwa kufuata zamu yake ya kuzaliwa. Binti wa kwanza ana lake, wa pili ana lake. Shangazi alikuwa na wateja wanne mabinti wa kwanza, wote jina moja. Alikuwa amefungua ukurasa wa huyu wa Kasindi, kisha akagawa kioo. Programu yangu ilipobanwa iwe nusu, ilianza upya na kufungua ukurasa wa kwanza kwenye orodha, ambao ulikuwa wa mama mwingine, anayetoka Mutwanga. Mahali pengine mtu angeona jina limebadilika. Shangazi aliona jina lilelile, akaandika. Vikapu sita vikaenda kwa mama wa Mutwanga, ambaye alivichukua bila neno kwa kuwa samaki walikuwa adimu. Ukurasa wa Kasindi ukabaki na oda yake ya zamani.

Shangazi hakunigombeza. Alisema tu, "Ijumaa iwe imepona. Isipopona naifuta."

Kuna njia ya mkato. Ni mstari mmoja wa kuiambia simu kwamba programu hii haikubali kugawiwa kioo. Jumatatu niliuandika nikamtumia. Alipiga simu kabla sijanywa chai.

"Umenifungia dirisha."

"Ndiyo, shangazi, ili isikosee tena."

"Na oda nisomee wapi? Nibebe kichwani vikapu vya watu kumi na wawili? Nirudishie dirisha langu."

Nikalirudisha. Nilisoma maelezo ya Kiingereza, aya moja asubuhi nzima. Nikaelewa kwamba dirisha likibadilika ukubwa, simu huuvunja ukurasa na kuujenga mwingine. Ila kabla ya kuuvunja, huipa programu nafasi ya kukabidhi kifurushi kidogo, na ukurasa mpya hukipokea. Mimi sikuwa nimekabidhi kitu.

Jumatano nikatia kifurushini jina la mteja. Nikagawa kioo kwenye simu ya fundi, na mama wa Mutwanga akatokea tena. Niliketi pale nikijionea aibu peke yangu. Nimekulia kwenye nyumba yenye majina hayohayo, na bado nilikuwa nimeituma simu imtafute mtu kwa jina la binti wa kwanza. Ilileta wa kwanza iliyemkuta. Nikafuta nikaanza tena. Kila mteja nikampa namba yake, na chini ya jina nikaandika anakotoka. Kifurushini nikatia ile namba, pamoja na maneno ambayo shangazi anakuwa ameandika nusu. Alhamisi nilivuta juu na chini ule mstari unaotenganisha madirisha mawili mpaka fundi akaniuliza kama nasugua sufuria.

Ijumaa mama wa Kasindi alisimama nyuma ya bega la shangazi, mikono kiunoni. Shangazi akafungua ukurasa wake, akagawa kioo, akavuta mstari juu, akaushusha. Chini ya jina palibaki pameandikwa Kasindi, na vikapu vyake sita.

Yule mama alivihesabu vikapu vyenyewe pia, kimoja kimoja, akifungua majani kuangalia samaki. Kisha akasema, "Ijumaa nyingine uniandikie nane," akasubiri mpaka shangazi alipomaliza kuandika.

Bado haijakamilika. Kwenye simu ndogo, kioo kikigawiwa, herufi za kuandikia hufunika kitufe cha kuhifadhi, na sijapata simu ya namna hiyo ya kujaribia. Nawaomba ninyi mnaosoma, mwenye simu ndogo agawe kioo, afungue programu yoyote anayoandikia, kisha aniandikie anachokiona na kilichofichwa. Hata mistari miwili inatosha. Nitajibu kila mmoja, ila mnivumilie, nitachelewa.